Mjomba Anavunja Safari Bunda

Kama kuna siku ya kuletewa habari mbaya, basi si Ijumaa asubuhi, kesho yake unaoza binti, na wewe mwenyewe una unga wa mtama mpaka kwenye viwiko. Lakini habari mbaya haipigi hodi. Lori la pamba lilisimama mbele ya ghala la kijiji, dereva Hamduni akashuka, akavuka uwanja huku akijipangusa vumbi, akaja moja kwa moja mpaka alipoinama Wankyo akichuja togwa. Hamduni alikuwa mtu wa Musoma mjini, mwenye sauti laini ambayo hata akikutukana unaweza kudhani anakusifia.

“Mama Robi, nina salamu zako. Ndugu yako Stanislausi alipiga simu jana pale ofisi ya ushirika, akiwa Mwanza. Amesema anavunja safari Bunda.”

Wankyo akainua kichwa. “Anavunja nini?”

“Safari.”

“Wapi?”

“Bunda.”

Chujio likamponyoka likazama kwenye togwa, na hakujisumbua kuliopoa. Kiswahili cha kijijini kwao, jirani na Butiama, kilikuwa cha kuazima, kila mtu alikuwa na kilugha chake nyumbani. Hata hivyo, kwa neno hilo hakuna aliyehitaji mtu wa Pwani amweleze. Mtoto akiugua, unavunja safari. Mvua ikichukua daraja, unavunja safari. Unarudi ulikotoka, basi. Lakini mtu atoke Dar es Salaam, akae kwenye treni mpaka matako yafe ganzi, afike Mwanza, apande basi mpaka Bunda, mahali ambapo akisimama juu ya kichuguu karibu ataona moshi wa jiko la dada yake, halafu hapo ndipo avunje safari! Si afadhali angeivunja Dar es Salaam kwenyewe, aokoe nauli na watu wasichinje?

Mumewe Machage alikuwa chini ya upenu anasuka kamba ya kumfungia ng'ombe wa harusi. Hakuinua uso.

“Mimi nilisemaga,” alisema.

“Ulisemaga nini?”

“Nilisemaga tu.”

Huyo ndiye Machage. Kwa kumsikia yeye, alishatabiri kila jambo tangu Mwingereza ashushe bendera yake, ila hakuwahi kulisema kabla halijatokea.

Sasa ukoo wa kina Wankyo una jambo lake. Binti hatoki nyumbani kwao kwenda kuolewa akitembea peke yake. Kaka wa mama yake humshika mkono, akamvusha kizingiti, akamtamkia maneno ya baraka kwa kilugha, mbele ya watu, ndipo wakwe wanapompokea. Baba hawezi, maana baba ndiye aliyepokea ng'ombe wa mahari. Padri anaweza kufanya yake kanisani, hakuna anayemzuia, lakini kanisani ni baadaye. Na Wankyo alikuwa na kaka mmoja tu duniani, huyu mdogo wake Stanislausi, afisa mipango, mwenye kiti kinachozunguka huko Dar es Salaam.

Wakwe walikuwa watu wa Kiriba, na mshenga wao alikuwa mzee wa kuuliza. Mara ya kwanza aliuliza, mjomba yupo? Yupo. Mara ya pili akauliza, atakuja kweli? Maana sisi tulishawahi kuchukua mwali aliyetolewa na baba mdogo, na ile ndoa haikufika mavuno. Mjomba asipokuwepo, sisi tutakula chakula chenu vizuri, tutashukuru, tutarudi kwetu. Na maneno yawe ya kwenu wenyewe, si Kiswahili cha redioni. Wankyo akamjibu kwa kiburi ambacho sasa kilikuwa kinamchoma: “Atakuja, tena na suti.”

Robi mwenyewe alitokea mlangoni, nywele zimesukwa jana, bado zinamvuta ngozi ya paji la uso. Alikuwa amesikia.

“Mama, mjomba haji?”

“Atakuja,” Wankyo alisema, “hata kama nitamvuta kwa kamba hiyo anayosuka baba yako.”

Akamgeukia Hamduni kana kwamba yeye ndiye aliyeivunja safari. “Nani alipokea hiyo simu?”

“Karani Pazi.”

“Alimwambia hivyo hivyo? Anavunja?”

Hamduni akakuna kidevu. “Hapana, ndugu yako alisema kwa Kiingereza. Lakini tangu Azimio la Arusha pale ofisini mwenyekiti amekataza mambo ya Kiingereza, kila salamu lazima ifike kwa lugha ya taifa. Basi Pazi akaitafsiri. Amesoma mpaka darasa la nane yule, hakosi. Ndugu yako alisema breki jani. Breki, kuvunja. Jani, safari. Mimi nilidhani ni breki ya gari, nikasema masikini, basi lao limekatika breki. Pazi akanicheka mbele ya watu.”

“Kiingereza!” Wankyo alisema. “Nani alimwambia aongeaga Kiingereza na simu ya watu wa pamba?”

Hamduni alikuwa anapakia pamba ya kijiji kupeleka kinu cha Bunda, na alitaka kuwahi swala ya Ijumaa huko. Wankyo alinawa mikono, akafunga kitenge kipya ambacho kilikuwa cha kesho, akawaachia wanawake wenzake togwa na maagizo mengi kuliko togwa yenyewe. Magunia yalipokwisha kupanda, naye alikuwa ameshakaa mbele, pembeni ya dereva, ameshika mkoba kama mtu anayekwenda mahakamani.

Njia nzima alisema yeye. Hamduni alikuwa na kazi ya kukwepa mashimo na kusema “naam”.

“Atakuwa amepata mwanamke hapo Bunda.”

“Naam.”

“Wewe unasema naam, unamjua?”

“Sijui, Mama Robi. Bunda mimi ninapajua kinu, msikiti na nyama ya kuchoma.”

“Au anaumwa. Lakini mtu anayeumwa anasemaga anaumwa, havunji safari kwa Kiingereza. Au ametuonea haya. Sisi tunalima shamba la ujamaa kwa kengele, yeye anakula kwa uma. Amefika Bunda, ameona vumbi, amekumbuka kunguni wa kwetu. Hamduni, sisi tuna kunguni?”

“Mimi sijalala kwenu, mama.”

“Hatuna! Mwambie hatuna!”

Walipopita Kiabakari alinyamaza kidogo, na kunyamaza ndiko kulikomtia hofu. Hasira ilikuwa inamsaidia. Alipoiacha ipoe aliona kesho yote ilivyo: Robi amekaa ndani na nywele zake, wakwe wanakula vizuri, wanashukuru, wanaondoka. Wasichana wawili wa kijiji walikuwa wameshazeekea nyumbani kwa mambo madogo kuliko hayo. Akaanza tena kumsema Stanislausi, kwa nguvu zaidi.

Bunda, Hamduni alimshusha karibu na kituo cha mabasi. “Wageni wenye suti hulala kwa Mwanahalima,” alimwambia. “Mimi nikishashusha mzigo na kuswali narudi kukuchukua. Msipigane mpaka nifike, nisije nikakosa.”

Mwanahalima alikuwa mama mnene mwenye gesti ya vyumba vichache na karai la maandazi mlangoni. Aliposikia jina hakuuliza maswali. “Mgeni wangu wa tai? Yuko uani, anakunywa chai. Tangu jana jioni anakunywa chai tu. Nenda dada, pita.”

Na kweli alikuwepo, mzima wa afya, chini ya kivuli cha bati, suti ya kijivu, tai, gazeti mapajani, sanduku miguuni. Amenyonyoka nywele mbele. Hakuna mwanamke, hakuna bandeji, hakuna polisi. Wankyo alijikuta anakasirika upya kwa kukosa hata kisingizio kimoja cha kumwonea huruma. Akamsalimu kwa kilugha, ile salamu ndefu ya dada kwa mdogo wake, inayouliza habari za mwili, za nyumba na za njia.

Stanislausi aliruka kutoka kwenye kiti. “Shikamoo, dada!” alisema kwa Kiswahili. “Dada yangu! Umejuaje niko hapa?”

“Marahaba. Si umetuma watu waniambie umevunja safari?”

“Nimevunja?”

“Umevunja safari Bunda. Ndivyo Pazi alivyosema.”

Stanislausi alimwangalia, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akacheka mpaka Mwanahalima akachungulia. Alimkalisha dada yake kwenye kiti chake, yeye akabaki amesimama, na akaanza kueleza huku mkono mmoja uko mfukoni, kama wanavyofanya watu waliozoea kusikilizwa.

“Dada, huo ni msemo. Waingereza wanasema *break the journey*. Si kuvunja kwa maana ya kuvunja. Mtu ana safari ndefu, sawa? Anashuka katikati, analala usiku mmoja, ananyoosha mgongo, kesho yake anaendelea. Tiketi yake haifi. Hata kwenye treni unapewa ruhusa hiyo, unashuka Tabora, unamsalimia rafiki, unapanda inayofuata. Na lazima utaje mahali. Huwezi kusema hivyo ukiwa unakwenda dukani kununua chumvi, watakucheka. Ni kwa safari kubwa tu. Sasa Pazi amechukua neno moja moja kama anayechambua mchele! Kuvunja safari!” Akacheka tena.

Wankyo naye akaanza kucheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka chenyewe, kimechanganyika na pumzi aliyokuwa ameizuia tangu asubuhi. Kwa hiyo alikuwa anapumzika tu. Kwa hiyo kesho ipo. Alimsamehe Pazi, akawasamehe Waingereza, akajilaumu kwa yale aliyoyasema njiani kuhusu uma.

“Wewe mtoto, umenitia wazimu,” alisema. “Haya, umeshanyoosha mgongo. Hamduni akirudi tunaondoka.”

“Leo?”

“Sasa lini?”

“Nilikuwa nafikiri…” Stanislausi alikunja gazeti, akalikunjua. “Nipumzike kidogo zaidi. Kesho asubuhi na mapema.”

“Kesho asubuhi wakwe wanafika. Umechoka na nini? Umekunywa chai tangu jana.”

Kabla hajajibu, Mwanahalima alitokeza kichwa mlangoni, koleo la maandazi mkononi. “Baba, samahani. Kondakta wa basi la Mwanza anauliza, sanduku lako lipande juu sasa hivi, au mpaka watoke msikitini?”

Stanislausi aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu lilikuwa limezama mle.

“Mwanza,” alisema Wankyo.

Alilitazama lile sanduku miguuni pa mdogo wake.

“Hilo nalo kwa Kiingereza linaitwaje?”

Kumbe Pazi, na darasa lake la nane, alikuwa amekosea Kiingereza lakini mtu amempatia: safari ilikuwa inavunjwa kweli. Wankyo alisimama. Alikuwa na maneno mengi sana na yote yalitaka kutoka pamoja, na yalipotoka yalitoka kwa kilugha, maana matusi ya maana hayatafsiriki. Alimwambia aliyomwambia. Alimtajia mama yao Mbuke aliyeko kaburini, akamtajia ng'ombe aliyeuzwa ili yeye asome, akamtajia Robi aliyekaa anasubiri na nywele zinamuuma. Stanislausi aliyasikiliza yote ameinamisha kichwa, na dada yake alipomaliza, akajibu kwa Kiswahili, pole pole:

“Dada, sema tena. Sijaelewa yote.”

Wankyo alidhani anamfanyia dhihaka. Kisha akaona uso wake.

“Hujaelewa nini?”

“Nusu. Nimesikia mama, nimesikia ng'ombe. Yale mengine yanapita haraka.” Alivuta kiti kingine akakaa, suti na tai na yote, akaonekana mdogo. “Yamepotea, dada. Nilikwenda misheni nikiwa mtoto. Ukiongea kilugha unavalishwa kibao shingoni, unatembea nacho kutwa, wenzako wanakuzomea. Mimi nilikivaa sana mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili sikukivaa tena. Halafu Tabora, halafu Uingereza, halafu Dar es Salaam. Mke wangu mtu wa Morogoro. Nitaongea na nani? Kwenye treni nimejaribu yale maneno ya baraka usiku na mchana. Nimefika Mwanza, nikaingia kwa kinyozi, kumbe mtu wa kwetu. Nikamsalimu kwa kilugha. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, mzee, wewe ni Mkenya?”

Wankyo hakucheka.

“Kesho watakuwepo wazee wote wa ukoo,” Stanislausi aliendelea. “Nitafungua mdomo wataanguka chini. Na baraka ikikosewa si baraka. Nitamharibia mtoto. Nikaona, nikisema nimepatwa na dharura, mtatafuta mtu mwingine, itaisha.”

Angekuwa na mwanamke, Wankyo angemfukuza mwanamke. Angekuwa anaumwa, angembeba. Alikuja na dawa ya kila kitu isipokuwa hiki. Na kilimuuma, hakuna haja ya kuficha, kilimuuma kuliko msiba. Alilala kitanda kimoja na huyu mtu utotoni, wakasimuliana hadithi gizani mpaka baba yao akagonga ukuta, na sasa zile hadithi zote yeye peke yake ndiye angeweza kuzielewa. Mtu anaweza kuwa mzima mbele yako, anakunywa chai, na nusu yake ikawa imeshazikwa, wala hukuitwa matangani.

Lakini harusi ilikuwa kesho, na Wankyo hakuwa mtu wa kulia uani kwa watu.

“Umemaliza?” aliuliza.

“Nimemaliza.”

“Nani amekuuliza kama unajua? Umeulizwa kama unakuja. Vaa koti.” Akalichukua sanduku mwenyewe, akapita nalo mbele ya karai la maandazi. “Mwanahalima, mwambie huyo kondakta aende Mwanza na basi lake. Huyu amepumzika vya kutosha.”

Walirudi watatu wamebanana mbele ya lori tupu. Hapo ndipo masomo yalipoanza. Maneno ya baraka hayakuwa mengi, yangeweza kusemwa wakati mtu anafunga kamba ya kiatu, lakini yalikuwa na zile sauti za kooni ambazo lazima uzaliwe nazo. Wankyo alisema, Stanislausi akarudia. Wankyo akasema tena.

“Si hivyo! Hapo umesema ng'ombe ameharisha.”

“Nimesema nini tofauti?”

“Vuta! Vuta neno! Wewe unaligonga kama mhuri.”

Lori lilipiga shimo, wote wakagonga vichwa juu, wakaanza upya. Stanislausi alitoa jasho, akalegeza tai, hatimaye akaivua. Alikosea mstari wa kwanza, akaupata, akaupata tena, akafika wa pili akausahau wa kwanza. Wankyo alimpiga begani kama alivyokuwa akimpiga zamani. Na walipokaribia Kiabakari, Stanislausi amekwama kwa mara nyingine, sauti laini ikatoka kwenye usukani, ikayasema yote toka mwanzo mpaka mwisho bila kigugumizi.

Wankyo alimgeukia Hamduni, ambaye babu yake alitoka Ujiji na hakuwa na tone la damu ya pale.

“Nimeyasikia tangu Bunda,” Hamduni alijitetea. “Hata jiwe lingeshika.”

“Basi mjomba awe huyu!” Wankyo alipaza sauti. “Mpe suti, mpe na tai!”

Hata Stanislausi alicheka, na baada ya kucheka ulimi ulilegea. Walipokata kona ya kuingia Butiama alikuwa anayo yote. Hayakuwa mazuri, lakini yalikuwa yamekamilika. Jioni ile aliyarudia nyuma ya zizi, mbele ya ndama, na Wankyo aliyekuwa anasikilizia jikoni akaanza kupumua kama watu wengine.

Jumamosi wakwe wakafika, na mshenga wao mbele, anaangalia huku na huku anatafuta suti. Akaiona. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Uwanja ulijaa, wazee wa ukoo kwenye viti, wanawake wamesimama, Hamduni naye amekuja na kanzu nyeupe. Bwana harusi Enoka, mwalimu kijana wa Kiriba, alikuwa anakunjakunja shati lake kwa wasiwasi. Wakaitwa. Stanislausi akaingia ndani, akatoka amemshika Robi mkono, akamvusha kizingiti vizuri kabisa, akasimama, akafungua mdomo.

Hapakutoka kitu.

Wankyo alikuwa amesimama karibu, akaanza kuyatamka bila sauti, akamkodolea macho ili asome midomo yake. Ng'ambo ya uwanja Hamduni naye alikuwa anatamka. Stanislausi hakumwangalia yeyote. Alimwangalia Robi, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumlenga. Mzee mmoja akakohoa. Mshenga akainamisha sikio. Wankyo alijisikia anataka kumkamata mdogo wake mabega na kumtikisa mpaka maneno yaanguke kama maembe, na wakati huo huo alijua kwamba hayatoki, yamekwenda, kwamba yote yameishia hapo mbele ya watu.

Ndipo Stanislausi aliposema. Alisema kwa kilugha, kwa sauti kubwa, bila kukwama popote, na hakuna aliyekuwa amemfundisha:

“Haya, nenda! Usichezecheze njiani! Ukikosewa na mtu, usipigane, njoo useme! Na urudi kabla ng'ombe hawajaingia!”

Matamshi yalikuwa safi, ila yalikuwa matamshi ya mtoto wa miaka saba, maana huko ndiko alikoiachia ile lugha. Na maneno yalikuwa ya mama yao Mbuke. Yale yale aliyowapigia kelele kila asubuhi wakitoka na mbuzi, yeye mlangoni, mwiko mkononi. Wankyo hakuwa ameyasikia kwa sauti ya mtu mwingine tangu mama yao azikwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyachukua, akawa anampigia Robi kila siku ya Mungu akienda shule, akienda kisimani, akienda shambani.

Robi hakufikiri. Alijibu kama alivyokuwa akijibu kila siku, kwa kilugha, haraka haraka, ameshaanza kugeuka:

“Nimesikia, mama.”

Wazee wa ukoo waliziba midomo. Mwanamke mmoja akasema “Yesu wangu.” Maana mwali haambiwi urudi. Hilo kila mtu analijua. Mwali anayeambiwa urudi ni kama amekwisha kuachika kabla hajaolewa, na lile lilikuwa limesemwa na mjomba, mbele ya wakwe, kwa sauti ya kuita mifugo.

Mshenga wa Kiriba aliangalia nyuso. Kilugha cha kwao kilikuwa kingine, kinafanana hapa na pale tu, na alikuwa ameona kwamba jambo limetokea.

“Hayo maneno,” alisema kwa Kiswahili, “sisi hatukuyashika vizuri. Kuna ng'ombe nimemsikia. Amesemaje?”

Wazee wakaangalia ardhi. Machage, ambaye alisemaga, hakusema. Macho yote yakamwendea Wankyo, kwa kuwa mjomba ni wake. Yeye akafungua mdomo kutafsiri, na neno la kwanza likafika kwenye ulimi lilivyo, urudi, akalimeza. Aliona wazi kwamba akiwapa neno kwa neno atakuwa amewadanganya.

“Anamtakia safari njema,” alisema.

Mshenga akakunja uso. “Maneno marefu vile, safari njema tu?”

“Kwetu ndivyo inavyosemwa,” alijibu Wankyo, na alimwangalia mshenga machoni mpaka mzee akakohoa, akanyoosha mkono, akampokea Robi.

Vigelegele vikapanda. Stanislausi alikuwa bado amesimama kizingitini, ameshangaa, anajigusa midomo. Wankyo hakumngoja. Aliingia jikoni kwa haraka, akawafokea wanawake wote waliokuwemo kwamba ugali unaungua, watu gani wasiosikia hata harufu, na walipomwambia kwamba ugali ulikwisha kupakuliwa na hakuna kitu motoni, aliketi juu ya gunia la mtama, akajifunika uso na kitenge, akalia kwa hasira.